Omu Ndogo, Henri Ndogo: Dalili za Kipimo Kisichoaminika na Chanzo Chake

Mota ya mashine ya kusaga imeletwa kutoka Boma Ng'ombe. Imesukwa upya juzi na tayari inachemka. Fundi kijana anaweka multimita kwenye omu, anagusa ncha za mota, U na V: 0.6. V na W: 0.6. U na W: 0.6. "Fundi, zote zinalingana, mota iko sawa." Kisha anaambiwa agusanishe ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, na kioo kinaandika 0.4. Kwa hiyo kati ya ile 0.6, nyaya za mita zimechukua 0.4 na mota imebaki na 0.2. Ukisoma kijitabu cha mita za kawaida, utakuta kwenye renji ya omu 200 inaruhusiwa kukosea kwa tarakimu tatu za mwisho au zaidi, yaani omu 0.3. Kosa linaloruhusiwa ni kubwa kuliko kitu kilichopimwa.

Maelezo haya ni kwa mafundi wa karakana zetu, kuanzia Unga Limited hapa Arusha hadi Majengo kule Moshi, wanaopima mota, transfoma, shanti za sola (vipande vya ukinzani mdogo vya kupimia mkondo) na koili za inveta. Ukinzani wa chini ya omu moja na induktansi (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo, inayopimwa kwa henri) ya chini ya mikrohenri kumi vina tabia moja: mita inapima kila kitu kilicho kati ya soketi zake, na kitu chako ni sehemu ndogo tu ya hicho. Mita mbovu ni nadra. Njia mbovu ya kupimia ndiyo ya kila siku.

Kwanza jua namba unayoitegemea

Huwezi kutambua namba ya uongo kama hujui ya kweli inapaswa kukaa wapi. Shika hizi. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba una miliomu 17.2 kwa kila mita kwenye nyuzi 20. Waya ulionyooka una karibu nanohenri moja kwa kila milimita ya urefu, pungufu kidogo ukiwa mfupi, zaidi kidogo ukiwa mrefu. Shanti ya sola iliyoandikwa 50 A, 75 mV ina miliomu 1.5, hesabu ya volteji kugawa kwa mkondo. Mota ya fezi tatu ya kilowati 30 kwenye volti 400 huwa na omu 0.1 hadi 0.2 hivi kati ya laini na laini. Ukizijua hizi, mita ikikuambia shanti ina omu 0.3 hutahangaika na shanti.

Dalili: kila kitu kinasoma 0.3 hadi 0.6

Ni nyaya za mita na soketi zake. Kitufe cha REL kinasaidia kidogo: gusanisha ncha, bonyeza, mita inaondoa ukinzani wa nyaya kwenye jibu. Lakini inaondoa ule wa dakika ile tu. Ukigusa mahali pengine kwa nguvu nyingine, mguso umebadilika na sifuri yako imeshapotea. Chini ya omu moja, achana na nyaya mbili. Tumia nne.

Njia ya nyaya nne ni ya William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, na ndiyo maana klipu zake zinaitwa za Kelvin. Nyaya mbili zinapeleka mkondo, nyingine mbili zinasoma volteji tu. Kwa kuwa nyaya za kusoma hazipitishi mkondo wa maana, ukinzani wake hauongezi kitu kwenye jibu.

Huna mita ya nyaya nne? Pawa saplai yenye kidhibiti cha mkondo na multimita moja vinatosha. Weka mkondo ampia moja, upitishe kwenye kitu, kisha soma milivolti kwa multimita ukigusa ndani ya klipu za mkondo. Kwa ampia moja, milivolti moja ni miliomu moja. Mita ya kawaida yenye renji ya milivolti 200 inaonyesha hadi 0.1, kwa hiyo unaona hadi sehemu ya kumi ya miliomu. Mita ileile kwenye omu ilikuwa inaishia 0.1 ya omu. Umeongeza ukali mara elfu moja bila kununua kitu. Hakikisha tu ule mkondo kwa mita nyingine kama kioo cha pawa saplai hukiamini, maana kosa la mkondo linaingia moja kwa moja kwenye jibu.

Dalili: namba inapanda na kushuka ukibonyeza ncha

Huo ni mguso. Kwenye nyaya mbili ni jambo la kutarajia. Kwenye nyaya nne ikitokea, kuna kosa la mahali pa kugusa.

Chukua ile shanti ya 50 A uiangalie kwa karibu. Ina boliti mbili kubwa pembeni, na skrubu mbili ndogo kwa ndani, karibu na vipande vya aloi vinavyobeba mkondo. Boliti kubwa ni za mkondo. Skrubu ndogo ni za kusomea. Ukibana klipu zako zote kwenye boliti kubwa utapata miliomu 1.8, au 2.1, au namba nyingine yoyote kulingana na boliti ilivyokazwa, kwa sababu umeingiza shaba ya pembeni na mguso wa boliti ndani ya kipimo. Sogeza nyaya za volteji kwenye skrubu ndogo na namba inatulia kwenye 1.5. Sheria ni hiyo kwa kila kitu: mkondo nje, volteji ndani, na vitu hivyo viwili visishirikiane mguso hata mmoja.

Klipu za Kelvin nazo zikaguliwe. Taya mbili za klipu zinapaswa kuwa zimetengwa, moja ya mkondo na nyingine ya volteji. Kuna klipu za bei ndogo ambazo nyaya zote mbili zimelehemiwa kwenye taya moja, nyingine ni ya kubania tu. Klipu hiyo bado inaondoa ukinzani wa waya, lakini mguso wa taya na kitu unabaki ndani ya jibu. Ifungue klipu, weka kipande cha karatasi katikati ya taya, pima kati ya taya na taya kwa kengele ya mita. Ikilia, taya hazikutengwa.

Na kabla ya lolote, safisha. Boliti za shaba za kufungia nyaya za mota iliyokaa kwenye vumbi la pumba na unyevu zina utando mweusi. Msasa laini, kitambaa, ndipo upime. Dakika moja ya msasa inakuepusha na nusu siku ya mabishano na mwenye mota.

Dalili: ukigeuza nyaya, jibu linabadilika, au mita inaonyesha hasi

Metali mbili tofauti zikigusana, na mguso mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, zinatoa volteji yake zenyewe. Shaba na lehemu ya bati na risasi hutoa mikrovolti 1 hadi 3 kwa kila digrii ya tofauti. Shaba na oksidi yake hutoa karibu mikrovolti 1,000, sababu nyingine ya kushika msasa.

Angalia ukubwa wa tatizo. Multimita nyingi za benchi hupeleka miliampia moja kwenye renji ya chini ya omu. Kitu cha miliomu 10 kikipitishiwa miliampia moja kinatoa mikrovolti 10. Ukiwa umetoka kulehemu upande mmoja na bado una joto la digrii tano zaidi, ule mguso wenyewe unaweza kutoa mikrovolti 5 hadi 15. Kelele imelingana na kitu, au imekishinda.

Dawa ni tatu. Subiri kipoe, kweli kipoe, pande zote ziwe sawa. Ongeza mkondo, kama ile ampia moja ya juu, ili volteji ya kitu ijitenge na hii ya joto. Na geuza mkondo: pima, badilisha chanya na hasi za mkondo, pima tena, halafu chukua wastani wa namba mbili bila kujali alama. Volteji ya joto haigeuki pamoja na mkondo, kwa hiyo inafutika kwenye wastani.

Dalili: transfoma au mota inaanza na namba kubwa, inashuka polepole

Hapa hakuna ubovu. Kiini cha chuma kinafanya mkondo uchelewe kupanda, na kabla haujatulia volteji unayosoma ina sehemu ya induktansi ndani yake. Transfoma yenye henri 10 na nusu omu ina muda wa sekunde 20, na kutulia sawasawa kunahitaji mara tano ya huo. Subiri hadi tarakimu ya mwisho isimame.

Lakini kuna hatari ambayo ni lazima isemwe wazi. Ukichomoa klipu ya mkondo wakati ampia moja inapita kwenye koili ya namna hiyo, koili inarusha volteji kubwa papo hapo. Inaweza kuua mita, na inaweza kukurusha wewe. Toa kwanza nyaya za multimita, kisha shusha mkondo wa pawa saplai hadi sifuri, subiri kidogo, ndipo uchomoe.

Dalili: karakana mbili zinapata majibu tofauti kwa mota moja

Waliopima wanaweza kuwa sahihi wote wawili. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Asubuhi ya Julai hapa Arusha karakana inaweza kuwa na nyuzi 14. Mchana wa Februari Moshi, nyuzi 33. Kanuni ya shaba ni kuzidisha ukinzani kwa 234.5 jumlisha joto jipya, kisha kugawa kwa 234.5 jumlisha joto la zamani. Kwa joto hizo mbili ni 267.5 kugawa kwa 248.5, yaani 1.076. Mota ileile, waya uleule, tofauti ya karibu asilimia 8, na hakuna aliyekosea. Mota iliyotoka kazini ni zaidi, kwa sababu ndani ya waya kuna joto hata kama ganda limepoa. Iache ilale usiku kucha, pima asubuhi, andika joto kwenye kadi pamoja na omu, na majibu yote yarudishe kwenye nyuzi 20 kabla ya kulinganisha.

Unapolinganisha fezi kwa fezi kwenye mota moja, joto halikusumbui kwa kuwa ni moja. Hapo tofauti ya zaidi ya asilimia chache ni ya kutiliwa shaka: mizunguko imekosewa, au kuna shoti kati ya mizunguko, au kiungo hakikulehemiwa vizuri. Kengele ya mita haiwezi kukuonyesha lolote kati ya hayo. Inalia kwa kitu chochote cha chini ya makumi ya omu.

Ikiwa fezi zote tatu zinalingana lakini zote ziko juu kwa karibu asilimia 60 kuliko hesabu, kwaruza waya. Ukinzani wa aluminiamu ni mara 1.6 ya shaba. Kuna waya wa aluminiamu mtupu, na kuna ule wa aluminiamu uliovikwa shaba juu, ambao ukikwaruza kidogo unaona wekundu na kuridhika. Ukate, uangalie katikati. Ikiwa ni nyeupe, umeshajua kwa nini ile mota ya kusaga inachemka, na mteja ana haki ya kuambiwa.

Tukija kwenye koili: mita ya LCR inaruka au inaonyesha sifuri

Mita ya LCR ni ile inayopima induktansi, kapasita na ukinzani kwa mkondo unaogeukageuka. Ikidanganya, karibu kila mara ni masafa, yaani mkondo huo unageuka mara ngapi kwa sekunde. Koili ya mikrohenri moja kwenye kilohezi 1 inazuia kwa miliomu 6.3 tu. Kwenye kilohezi 100 inazuia kwa miliomu 628. Kama waya wake una miliomu 20, kwenye kilohezi 1 mita inatafuta miliomu 6 zilizofichwa nyuma ya 20. Pandisha masafa hadi ya juu kabisa ambayo mita yako inayo.

Hapohapo angalia mfumo wa kupima: mfululizo au sambamba. Kwa kitu chenye kizuizi kidogo chagua mfululizo, Ls. Mita nyingi huchagua zenyewe, na si kila mara huchagua vyema. Koili ile ya mikrohenri moja na miliomu 20, ukiipima kwenye kilohezi 1 kwa Lp, yaani sambamba, itasoma mikrohenri 11. Mara kumi na moja! Fundi akiiona namba hiyo anaitupa koili nzima.

Dalili: induktansi inabadilika ukisogeza nyaya

Nyaya zako mbili na nafasi iliyo kati yake ni koili ya mzunguko mmoja. Ukizitanua inakua, ukizibana inapungua. Nyaya za nusu mita zilizolala hovyo mezani zinaweza kuongeza nusu mikrohenri au zaidi. Zikunje pamoja, zifupishe, na ikiwezekana zitoe kabisa: chomeka koili moja kwa moja kwenye mita.

Halafu sawazisha. Mita nzuri ina kusawazisha wazi (ncha zikiwa hazigusani) na kusawazisha shoti (ncha zikiwa zimeunganishwa). Kwa induktansi ndogo, shoti ndiyo muhimu. Fanya nyaya zikiwa katika umbo lilelile zitakalokuwa nalo wakati wa kupima. Ukisawazisha nyaya zikiwa zimetanuka kisha ukapima zikiwa zimebanwa, mita inaondoa zaidi ya kilichopo, na koili ndogo inasoma hasi.

Kile unachokitumia kufanya shoti nacho kina induktansi. Waya wa sentimita mbili, unene wa milimita moja, una karibu nanohenri 14. Kwa koili ya mikrohenri 10 hakuna tabu. Kwa koili ya nanohenri 50 umeshapoteza zaidi ya robo. Tumia kipande kifupi na kipana cha bamba la shaba.

Hasi ina chanzo kingine pia: masafa yamevuka mwitikio wa koili yenyewe (resonansi), na kapasita iliyojificha kati ya mizunguko imetawala. Kwa koili ndogo za mikrohenri kwenye kilohezi 100 hilo ni nadra. Kwa koili yenye mizunguko mingi, shusha masafa.

Dalili: koili imeandikwa 10, inasoma 8, au 12

Koili nyingi za inveta zina uvumilivu wa asilimia 20, kwa hiyo 8 na 12 zote ni halali. Nje ya hapo, angalia mahali ulipoiweka. Meza ya bati, vaisi, bisibisi iliyolala jirani: chuma na aluminiamu vinavuruga uga wa koili. Iinue kwa kipande cha mbao, sentimita kadhaa, upime tena.

Kiini kinachangia. Ferraiti yenye ufa usioonekana kwa macho inashusha induktansi waziwazi. Choki (koili ya kuzuia) yenye kiini cha vibati vya chuma, inayofanya kazi kwenye umeme wa hezi 50 haisemi ukweli wake kwa ishara ndogo ya mita ya kilohezi 1. Na mita haiwezi kukuambia koili itafanyaje ikibeba ampia 20, kwa kuwa mita inaipitishia miliampia chache tu.

Usishangae pia LCR ikikupa ukinzani mkubwa kuliko wa nyaya nne. Kwenye kilohezi 100 mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba ya kina cha milimita 0.2 hivi, na kiini nacho kinakula nguvu. Omu za LCR na omu za umeme wa betri, yaani zile za nyaya nne, ni vipimo viwili tofauti.

Dalili: namba zinacheza bila sababu

Jirani anachomelea mageti, au mota ya fezi tatu inazunguka ukuta wa pili. Hezi 50 zinaingia kwenye nyaya zako. Zikunje, sogea, weka mita kwenye kasi ya polepole ili ikusanye mizunguko kamili ya milisekunde 20. Kama bado, pima jirani akinywa chai.

Kama unapima kitu kikiwa ndani ya saketi, kitoe upande mmoja kwanza, na shusha chaji ya kapasita zote. Kapasita ya inveta yenye chaji inaua mita ya LCR kwa mguso mmoja.

Na kama kweli ni mita

Tengeneza kipimo cha kujihakikishia. Chukua waya wa koili wa shaba halisi, unene wa milimita moja, uzungushe mara 10 ukibanana kwenye biti ya drili ya milimita 9, kisha utoe biti. Umepata koili ya kipenyo cha wastani sentimita moja na urefu sentimita moja. Kwa kanuni ya Wheeler, zidisha nusu kipenyo kwa chenyewe na mizunguko kwa yenyewe, gawa kwa 2.54 mara jumla ya nusu kipenyo mara 9 na urefu mara 10, vyote kwa sentimita: inatoka mikrohenri 0.68. Waya ulioko kwenye mizunguko ni sentimita 31, yaani miliomu 6.9 kwenye nyuzi 20. Miguu iwe mifupi, na gusa pale mizunguko inapoanzia.

LCR ikisoma kati ya 0.65 na 0.72 kwenye kilohezi 100, na nyaya nne zikisoma karibu miliomu 7, mita na njia yako viko salama. Ikikosa kwa mbali, badilisha betri kwanza, kwa sababu betri iliyochoka inadanganya kabla mita haijaonyesha alama. Safisha soketi. Jaribu nyaya nyingine, maana waya hukatika ndani ya ganda karibu na plagi bila kuonekana. Vyote vikishindikana, ndipo mita ipelekwe kukaguliwa. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya metrolojia kwa kazi hiyo. Peleka na ile koili yako ya mizunguko 10, ikiwa na karatasi ya namba ulizozipata na joto la siku uliyopima.